UZI: Chumba cha watoto wadogo, kuanzia kuagana mlangoni hadi kushika kalamu

Mlezi wa Zamu:

Wakuu, salaam. Maswali ya vituo vya kulelea watoto na madarasa ya awali yanajirudia humu kila mara na majibu yake yametawanyika. Nafungua uzi huu tuweke mahali pamoja yale yanayofanyika chumbani: mtoto anapokelewa vipi, anabadilishwa nepi vipi, analala vipi, anachezea nini, kalamu inaingia lini. Walio kwenye kazi hii waongeze na wakosoe. Ombi langu ni moja: tuandike kwa vipimo. "Usafi uzingatiwe" haimsaidii mtu aliyesimama na ndoo na tambara mkononi.

Naanza na idadi ya watoto kwa mlezi, maana ikiharibika hii hakuna kingine kitakachosimama. Viwango vya kisheria vinatofautiana nchi hadi nchi, fuateni cha kwenu. Kwa jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, watoto wa chini ya mwaka 1 wawe 3 kwa mlezi mmoja, wakizidi sana 4. Wa mwaka 1 hadi 2 wawe 4 au 5. Wa miaka 3 na 4 wawe 8 hadi 10. Mnaodhani huko ni kudekeza, pigeni hesabu. Vichanga 6, kila mmoja nepi 4 kwa siku, dakika 5 kila nepi: dakika 120 zimekwenda kwenye nepi peke yake. Kwa saa 2 nzima watoto 5 hawana mtu. Bado hujalisha.

Anayepika, anayepokea wazazi au aliyetoka kutupa taka hahesabiwi. Na watoto wahesabiwe kila mnapovuka mlango, kwenda nje na kurudi, kwa sauti na kwa majina, huku daftari la mahudhurio likiwa mkononi. Mtoto anapotea wakati wa kuhama, wakati kila mlezi anaamini mwenzake ndiye anayemwona.

La pili, kila mtoto awe na mlezi wake maalumu. Elinor Goldschmied, Mwingereza aliyefanya kazi kubwa sana juu ya watoto wa chini ya miaka 3, alilisisitiza hili kuliko karibu kila kitu: mtu mmoja anayempokea mtoto asubuhi, anayembadilisha, anayemlisha, anayemlaza, na anayezungumza na mzazi jioni. Wengine wanasaidia, ila huyu ndiye mwenye habari zake. Akiwa hayupo, jina la wa pili liwe limeandikwa tayari ukutani.

Bi Mkufunzi:

Asante kwa uzi. Nichukue suala la kumzoeza mtoto mgeni, kwa sababu ndipo vituo vingi vinapokosea siku ya kwanza kabisa.

Kuna utaratibu uliotokea Berlin miaka ya 1980 na unafanya kazi vizuri kwa watoto wa chini ya miaka 3. Siku 3 za mwanzo mzazi anakuja na mtoto, anakaa naye chumbani kama saa 1, kisha wanaondoka pamoja. Hakuna kutengana hata kidogo. Mzazi anakaa pembeni, hamchezeshi mtoto wala hamsukumi "nenda kacheze na wenzako". Akirudiwa, anapokea. Mlezi anasogea polepole kupitia mchezo anaocheza mtoto mwenyewe, na siku ya 3 anaweza kushiriki kubadilisha nepi mzazi akiwa karibu.

Siku ya 4 mzazi anaaga na kutoka, asizidi dakika 30, na abaki jirani. Hapo kuna kipimo kimoja tu: je, mtoto akilia, anakubali kubembelezwa na mlezi? Akitulia ndani ya dakika chache, muda wa kutengana unarefushwa siku zinazofuata, na mtoto wa namna hii huzoea kwa siku kama 6. Asipotulia, mzazi anarudi mara moja, na jaribio jingine lisubiri siku chache. Huyo atahitaji wiki 2 au 3. Kutengana kwa kwanza kusiwe Jumatatu, maana mtoto ametoka kukaa na wazazi siku 2 mfululizo na mlezi amekuwa mgeni tena.

Umri una uzito wake. Kuanzia kama miezi 8 hadi 18 kilio cha kuachwa huwa kikali zaidi. Mtoto ameshajua mzazi yupo hata asipoonekana, ila hajui atarudi lini. Ukiweza kuchagua, usimwanzishe katikati ya kipindi hicho. Usipoweza, ongeza siku.

Mama Wawili:

Bi Mkufunzi, vipi kuhusu anayelia zaidi akiagwa? Ukiondoka kimyakimya wakati anacheza halii kabisa. Si afadhali hiyo?

Bi Mkufunzi:

Hapana dada. Halii wakati ule, atalia baadaye, na kwa muda mrefu zaidi. Mtoto aliyegeuka akakuta mama hayupo amejifunza kwamba mama anaweza kutoweka muda wowote akiwa anacheza. Kesho yake hachezi, analinda. Utamwona ameng'ang'ania nguo, kichwa kimeelekea mlangoni, hata choo hataki kwenda.

Aga kwa sentensi ileile kila siku: "Naenda kazini. Nitarudi baada ya uji wa jioni." Taja tukio analolijua, usitaje saa. Mkumbatie, mkabidhi mikononi mwa mlezi wake, ondoka. Usirudi dirishani. Kuaga kwa dakika 10, kwenda na kurudi, ndiko kunakomaliza nguvu zake. Mwachie pia kitambaa au kanga yenye harufu ya nyumbani, isifuliwe wiki ya kwanza. Kwa kichanga, kitambaa hicho ni cha mkononi akiwa macho tu. Wakati wa kulala kiondolewe.

Ndoo na Tambara:

Mwanzisha uzi umesema vipimo, basi hivi hapa.

Nepi. Kabla ya kumlaza mtoto, kila kitu kiwe kimeshawekwa: karatasi juu ya godoro la kubadilishia, nepi safi, pamba au kitambaa chenye maji, mfuko, nguo za akiba. Mkono mmoja haumwachi mtoto hata kwa nukta moja, maana ajali nyingi za mezani hutokea mlezi anapogeuka kuchukua kitu alichosahau. Pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, hasa kwa wasichana. Nepi chafu ikunjwe kwa ndani, iende kwenye pipa lenye kanyagio. Sasa jipanguse mikono yako wewe ndipo ushike nepi safi. Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo inayopeleka uchafu kwenye nguo safi, kwenye kitasa, kwenye chupa ya maziwa. Ukimaliza, mnawe nyote wawili, mtoto pia, kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Glavu haziondoi kunawa.

Klorini. Soma kopo, asilimia zinatofautiana. Kwa dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 5, mililita 20 kwenye lita 1 ya maji inakupa asilimia 0.1. Hiyo ni ya matapishi, kuhara, damu na godoro la nepi, na ikae dakika 10 ikiwa imelowa. Kwa meza za kulia na vifaa vinavyotiwa mdomoni tumia mililita 4 kwa lita 1, kisha suuza kwa maji safi.

Yanayoharibika ni haya. Watu wanamwaga klorini juu ya uchafu moja kwa moja, na uchafu unaimaliza nguvu kabla haijaua kitu. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo klorini. Wanatumia maji ya moto, wakati inatakiwa ya baridi. Wanachanganya ya wiki nzima, wakati nguvu yake inashuka, hasa kwenye chupa inayopitisha mwanga. Changanya kila asubuhi na uandike tarehe. Na USICHANGANYE na siki wala dawa nyingine ya choo, mvuke wake ni sumu.

Mtoto wa kubaki nyumbani: aliyetapika au kuhara, hadi zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi. Kichanga wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38 aende hospitali siku hiyohiyo. Kamasi peke yake, kama anakula na anacheza, si sababu ya kumrudisha.

Mlezi wa Zamu:

Ndoo na Tambara umeandika vizuri mno. Naongeza jambo kwenye nepi hiyohiyo, maana watu wakisikia "ujifunzaji" wanafikiri ubao na chaki.

Dakika 5 za nepi ndizo dakika pekee kwa siku ambazo mtoto wa chumba cha watu wengi anakuwa na mtu mzima mmoja, uso kwa uso, umbali wa mkono. Nepi 4 ni dakika 20. Mlezi anayembadilisha huku anapiga soga na mwenzake amezipoteza. Fanya hivi: sema unachotaka kufanya kabla hujafanya, "Nainua miguu." Kisha ngoja. Hesabu kimoyomoyo hadi 5. Mtoto wa miezi 7 au 8 aliyezoea utaona tumbo linakaza, magoti yanaanza kupanda yenyewe. Amejibu. Mpokee: "Ee, umeinua!" Akitoa sauti, rudisha sauti yake, ngoja tena. Huko kupokezana ndiko msingi wa mazungumzo, na kunakosekana kwa sababu watu wazima hatuwezi kuvumilia ukimya wa sekunde 5.

Kivuli cha Mwembe:

Usingizi je? Chumba chetu wanawalaza vichanga kifudifudi eti wanalala muda mrefu.

Ndoo na Tambara:

Mkuu, hilo likome leo. Mtoto wa chini ya mwaka 1 alazwe chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Ni kweli kifudifudi analala fofofo zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anazinduka kwa shida pumzi ikibana. Uingereza walianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya ghafla vya vichanga vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Ni machache mno mabadiliko mepesi kama hayo yaliyookoa watoto wengi hivyo.

Godoro gumu lenye shuka iliyobana, basi. Hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna mwanasesere, hakuna kitambaa kilichofunikwa juu ya kitanda. Akijigeuza mwenyewe na anajua kujigeuza pande zote mbili, mwache alivyo, ila mwanzo umlaze chali. Aliyesinzia kwenye kiti cha kubembea ahamishwe, kwani kidevu kikiinamia kifua njia ya hewa inabanwa. Mlezi apite kila dakika 10, atazame kifua kinapanda na kushuka, atazame rangi ya midomo, aandike saa. Kwa hiyo chumba kisiwe giza totoro.

Vitanda viachane kama meta 1. Pakiwa padogo, walazwe mmoja kichwa huku mwenzake kichwa kule, pumzi zisikutane.

Kwa wa miaka 3 na 4, usilazimishe. Apumzike kimya, na kama dakika 30 zimepita yu macho, mpe kitabu au mafumbo ya vipande mkekani. Kumlazimisha mtoto asiye na usingizi alale saa 2 kunazaa ugomvi wa chumba kizima.

Na mdomo pia: kifaa chochote kinachoingia kwenye tundu la upana wa milimita 31.7 hakiruhusiwi kwa walio chini ya miaka 3. Bila kipimo maalumu, tumia kiini cha kadibodi cha karatasi ya choo. Tundu lake ni kubwa kidogo, kwa hiyo linakosea kwa upande wa usalama. Zabibu zipasuliwe kwa urefu mara nne, karanga nzima zisubiri hadi miaka 5, asali isiguse mdomo wa mtoto kabla ya mwaka 1.

Mama Wawili:

Naomba msaada kwenye kung'atana. Chumba cha miaka 2, mtoto mmoja anang'ata wenzake karibu kila siku, wazazi wa wenzake wanataka afukuzwe.

Bi Mkufunzi:

Kung'ata ni kwa kawaida kati ya mwaka 1 na miaka 3, kabla maneno hayajatosha. Anza na karatasi, si na adhabu. Kwa siku 5 hivi andikeni kila tukio: saa ngapi, wapi, nani alikuwa karibu, nini kilitokea sekunde chache kabla. Karibu kila mara mpangilio fulani unajitokeza. Ikiwa ni kabla ya chakula cha mchana, ana njaa au amechoka: wapeni chakula dakika 20 mapema zaidi. Ikiwa ni mlangoni wakati wa kutoka, ni msongamano: watoke wanne wanne. Ikiwa ni juu ya kifaa kimoja kinachopendwa, nunueni vitatu vinavyofanana. Mtoto wa miaka 2 hawezi kusubiri zamu kwa muda wa maana, na kumwambia "mpe mwenzako" mara 30 kwa siku hakutamfundisha. Ikiwa anang'ata kila kitu, mbao na nguo pia, ni meno: mpe pete ya kung'ata iliyopoozwa.

Siku zile mlezi wake amkae karibu, umbali wa mkono, si kwa kumzuia bali kumpa neno kabla ya meno: "Sema: changu!" Akitumia neno, apewe haki yake hapohapo, la sivyo neno halina faida kwake.

Tukio likishatokea, aliyeng'atwa kwanza. Osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa baridi. Ngozi ikipasuka, aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo. Aliyeng'ata aambiwe kwa ufupi, ukiwa umechutama usawa wa macho yake: "Hapana. Kung'ata kunaumiza." Hotuba ndefu inamlipa kwa kumpa macho yako. Kumng'ata na yeye "aone inavyouma" ni ukatili, na kunamfundisha kwamba wakubwa hung'ata.

Wazazi wa watoto wote wawili waarifiwe siku hiyohiyo kwa maandishi, bila kutaja jina la mtoto mwingine. Likivuja jina, vita inahamia getini.

Fundi wa Mbao:

Nimeombwa kuchonga seti ya matofali ya mbao kwa ajili ya darasa la awali. Kuna kipimo maalumu au nikate tu?

Mwalimu wa Kona:

Usikate tu, fundi. Kipimo ndicho kila kitu hapa, na nimefurahi umeuliza.

Kuna mfumo uliobuniwa na Caroline Pratt, mwalimu wa New York mwanzoni mwa karne ya 20, na bado haujapata mshindani. Tofali la msingi lina uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4. Kata milimita 35 unene, 70 upana, 140 urefu. Nusu yake ni 35 kwa 70 kwa 70. La mara mbili ni urefu wa 280, la mara nne 560. Kisha pembetatu zinazopatikana kwa kukata nusu kona kwa kona, mhimili wa mviringo wenye kipenyo cha 70, na tao. Kwa watoto 4 au 5 wanaojenga pamoja, vipande kama 100 viwepo, na zaidi ya theluthi moja viwe tofali la msingi lenyewe. Seti zinazouzwa zenye maumbo mengi ya kupendeza na matofali machache ya msingi huishia kupangwa kwenye rafu, maana haujengi nyumba kwa matao.

Sasa kwa nini usahihi. Mtoto anagundua kwamba nusu mbili ni sawa na zima kwa sababu mnara wa kushoto na wa kulia umelingana na ubao umelala sawa juu yake. Ukikosea milimita 1 kila tofali, matofali 6 ni milimita 6, ubao umeinama, mnara umeanguka. Mtoto hatasema fundi amekosea, atadhani yeye hawezi. Kosa lisizidi nusu milimita.

Mbao iwe ngumu na iliyokauka sawasawa. Mbichi itasinyaa upana zaidi ya urefu, na uwiano wote utapotea. Panga mashine mara moja, ukate vipande vyote vya urefu mmoja kwa kizuizi kimoja cha kupimia urefu bila kukigusa, ndipo uhamie urefu mwingine. Kingo zizungushwe kidogo tu, milimita 2 hivi, kisha msasa hadi namba 180. Ukizungusha sana, eneo la kukalia linapungua na mnara unateleza. Rangi usipake. Mafuta ya kitani yasiyochanganywa na vikaushio, au uache mbao tupu.

Mkipata seti, mahali pake pawe pembeni, mbali na njia ya kwenda chooni, kwenye zulia la nyuzi fupi au sakafu tupu. Rafuni bandika kivuli cha kila umbo, kilichokatwa kwa karatasi kwa ukubwa wake halisi. Kurudisha vifaa kunageuka kazi ya kulinganisha na urefu, na watoto wanaifanya bila kusukumwa.

Utakachokiona kina mpangilio wake. Kwanza wanabeba na kumwaga tu, msiwakatishe. Kisha safu chini na minara juu. Kisha daraja, matofali mawili na moja juu, hapo mtoto anarudia daraja hilohilo siku nzima. Kisha kuzungushia, kufunga eneo, na hapa kona ya nne inawashinda wengi kwa wiki kadhaa. Kisha mapambo yenye ulinganifu, na mwisho majengo yenye jina, "hii hospitali". Kazi ya mwalimu ni kukaa chini karibu na kutia neno panapohitajika: ndefu kuliko, sawa na, nusu, ukingo, usawa, uzito umeelemea huku. Swali zuri ni "Ungefanyaje gari lipite chini?" Swali bovu ni "Hili rangi gani?" wakati matofali yote ni rangi moja ya mbao.

Fundi wa Mbao:

Nimeelewa, mwalimu. Nitakata la mara nne kwanza, mabaki yake yanitolee nusu.

Kivuli cha Mwembe:

Yote sawa, ila mtoto ana miaka 3 na kituo hakimfundishi kuandika. Jirani yake wa kituo kingine anajaza daftari la herufi zenye nukta. Tunalipia mchezo?

Mwalimu wa Kona:

Swali halali kabisa mkuu, na jibu limo kwenye mkono wenyewe. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono haijakamilika katika umri huo, mingi bado ni gegedu. Ushikaji una ngazi: mwaka 1 hadi 2 ngumi nzima na mkono unaendeshwa na bega, miaka 2 hadi 3 vidole vinaelekea chini na kiwiko ndicho kinachosukuma, miaka 3 na nusu hadi 4 vidole vinne, na baadaye kati ya 4 na 6 vidole vitatu vinavyotembea vyenyewe. Ukiwahisha daftari, mtoto anabuni ushikaji wa kujihami, kidole gumba kimefunika vingine na kalamu imekandamizwa. Huo ukikomaa ni mgumu kuuvunja akiwa darasa la 2.

Maumbo nayo yana zamu. Duara hunakiliwa kama miaka 3, msalaba 4, mraba 4 na nusu au 5, pembetatu 5 na kuendelea, kwa sababu mstari wa mshazari huchelewa. Sasa tazama herufi: L, T, H, I, O zinawezekana mapema. K, M, V, X, Z zina mishazari. Mtoto wa miaka 3 anayelia juu ya K halii kwa uvivu.

Nukta zina kasoro nyingine: mtoto anaunganisha kutoka popote, chini kwenda juu, kulia kwenda kushoto, na karatasi ikionekana nzuri mwalimu anatia vema. Amezoeshwa njia mbovu.

Kinachoujenga mkono ni hiki. Karatasi iliyobandikwa ukutani usawa wa uso wake, achore kwa mkono ulioinuliwa, bega na kifundo vikaze. Chaki na rangi za nta zilizovunjwa vipande vya sentimita 3, maana kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Kuchana karatasi, vibanio vya nguo, kukamua sponji kutoka bakuli hadi bakuli. Mkasi kwa mpangilio: kwanza kunyofoa ukingo wa karatasi ngumu ya upana wa sentimita 2 kwa mkato mmoja, kisha mstari mnyoofu, kisha mzingo, mwisho duara. Karatasi laini inakunjwa na mkasi, inamkatisha tamaa bure. Na unga wa kuchezea, kila siku.

Sauti huja kabla ya herufi. Pigeni makofi kwa silabi: ka-la-mu makofi matatu. Angalieni, m-to-to ni makofi matatu pia, kwa kuwa hiyo m inajitegemea, lakini mbu-zi ni mawili. Mtoto anayesikia tofauti hiyo kwa sikio akiwa na miaka 4 hatasumbuka kuunganisha ma na ji baadaye.

Kivuli cha Mwembe:

Nimekuelewa mwalimu. Kwa hiyo nitazame nini kujua kama wanafanya hayo au wanawaachia tu wakimbie?

Bi Mkufunzi:

Nenda kama saa 4 asubuhi, kaa dakika 20. Tazama kama mlezi anaongea akiwa amechutama au amesimama. Sikiliza kama watoto wanajibu kwa maneno zaidi ya "ndiyo mwalimu". Hesabu wanaosubiri bila kazi, kwenye mstari wa choo, wa kunawa, wa chakula. Watoto 20 wakipelekwa choo kwa pamoja na matundu ni 2, wa mwisho amesimama muda mrefu, na ugomvi wote wa siku unazaliwa pale. Mkusanyiko wa pamoja usizidi dakika 10 kwa wa miaka 3, 15 kwa wa miaka 4. Kitabu kisomwe kwa watoto 4 au 5, na kisomwe hichohicho siku 3 au 4, mtoto akipewa nafasi kila siku ya kusimulia zaidi na mwalimu kidogo. Omba kuona maandishi yao juu ya mtoto wako. Ukikuta "anaendelea vizuri", hakuna aliyemtazama. Ukikuta "amejenga daraja la matofali matatu, akarudia, akapitisha kikombe chini", huyo yupo mikononi mwa watu.

Mama Wawili:

Mwalimu wa Kona, tupe basi vipimo vya unga wa kuchezea. Wetu unanata mikononi siku ya kwanza na kuvunda siku ya tatu.

Mwalimu wa Kona:

Unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, mafuta ya kula vijiko vikubwa 2, maji vikombe 2. Vijiko vidogo 2 vya ndimu au siki vinaongeza mvutiko. Changanya vyote kwenye sufuria vikiwa baridi hadi mabonge yaishe, ndipo uwashe moto mdogo na kukoroga bila kuacha, dakika 4 hadi 6. Utanata kwanza, usiogope wala usiongeze unga. Ukijikusanya bonge moja na kuachia pembeni mwa sufuria, epua. Kanda ukiwa vuguvugu mpaka ulainike.

Wenu unanata kwa sababu haukupikwa, wanga haujanywa maji. Unavunda kwa sababu chumvi ni pungufu au umefungiwa ukiwa bado wa moto, mvuke ukageuka maji ndani ya chombo. Uache upoe kabisa, ufunge usipitishe hewa, utakaa wiki 2 au zaidi. Kila mtoto apewe bonge la ukubwa wa ngumi yake mbili, si kipande kidogo, maana mkono unapata nguvu kwa kukandamiza uzito. Wanawe kabla na baada. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa tumbo dogo, kwa hiyo wanaotia kila kitu mdomoni wakae na mlezi pembeni, na kukiwa na ugonjwa wa kuhara chumbani bonge lote litupwe, mpike jipya.